Mashua Iliyokazwa Ikiwa Kavu

Nyumba ya nne katika laini ya wafanyakazi ilikuwa ya Odhiambo, mkewe Perez, na watoto wao, Achieng' akiwa wa kwanza. Laini hiyo ilikuwa ndani ya shamba la mkonge, katikati ya Thika na Ruiru. King'ora cha kiwanda kikilia asubuhi, Odhiambo alikunywa uji akiwa amesimama, kisha akaenda kupiga brashi nyuzi za mkonge mpaka jioni. Perez alichota maji, akafua, akapika, akapalilia maharagwe yake nyuma ya nyumba. Jumamosi walipewa posho. Jumapili walienda kanisani. Miaka tisa ilipita namna hiyo. Hawakuwa matajiri, na hawakulala njaa.

Opiyo, mdogo wake Odhiambo, alikaa nao. Alisukuma toroli za mkonge, na alipenda mzaha. Akirudi kazini alisimama mlangoni akiwa bado na gambuti zake miguuni, akauliza, "Shemeji, leo tunakula nini, sukuma au sukuma?" Perez alicheka kila siku, ingawa mzaha ulikuwa uleule.

Kwa Wajaluo, Opiyo ni jina la pacha anayetangulia kuzaliwa. Aliyemfuata, Odongo, alikufa kwa surua akiwa mchanga. Kwa hiyo mama yao, huko nyumbani ziwani, alimhesabu Opiyo kama watoto wawili. Alipomruhusu kuja Thika kutafuta kazi, alimwambia Odhiambo maneno machache tu. Alimwambia, umemchukua, utamrudisha.

Sasa tuje kwenye mashua. Meneja wa shamba alikuwa Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani. Alikuwa na mashua ndogo ya tanga katika bwawa la shamba. Kila Jumapili alizunguka nayo akivuta kiko chake. Aliposikia kwamba Odhiambo ni mtu wa ziwa, alimpa kazi ya kuiosha na kuifunga. Odhiambo aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Lakini Hali ya Hatari ilipoanza, bwawa lilizungushiwa waya na watu wakakatazwa kukaribia. Mashua ikabebwa mpaka ghala la mkonge, ikawekwa juu ya magogo. Ilikaa hapo miaka minne, chini ya bati, katika joto la kukausha nyama.

Mwaka wa 1957 katazo liliondolewa, waya na geti vikabaki. Bwana Miwani alikuwa anarudi kwao. Siku moja alimwita Odhiambo, akamwonyesha ghala kwa kidole, akamwambia mashua ni yake.

Odhiambo hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Likizo yake ilikuwa mwisho wa mwezi. Angeijaribu mashua bwawani, kisha angeipakia kwenye treni mpaka Kisumu. Yeye na Opiyo wangevua samaki, na king'ora kingewalilia wengine. Perez naye alishona upya tanga lililoliwa na panya. Alinunua kitambaa cha amerikani Thika. Aliifua kwanza ili irudi na kupungua, kisha ndipo akaikata.

Mashua yenyewe ilikuwa imekauka. Kati ya mbao na mbao mlikuwa na nyufa ambazo ungeweza kupitisha shilingi. Odhiambo aliziangalia, akasema hilo ni jambo dogo. Yeye ni mtu wa kiwanda cha mkonge. Mkonge hufunga mizigo ya dunia nzima, utashindwaje na mashua? Akachukua nyuzi, akazisokota, akazichovya kwenye lami. Akazishindilia katika nyufa kwa patasi na nyundo. Palipokuwa na nafasi, aliongeza. Palipokuwa pamejaa, aligonga zaidi. Opiyo alimshikia kopo la lami. Wanaume wa laini walikuja kutazama, na Perez aliwaletea chai.

Mmoja wao aliitwa Nzomo. Alikuwa Mkamba, seremala wa shamba, mtu wa kutengeneza milango na toroli. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ufa uliojaa mkonge, akakibonyeza. Kisha akasema, "Baba Achieng', hii mashua imekauka sana. Usiikaze sasa. Iloweshe kwanza siku kumi, mbao zivimbe. Nyufa nyingi zitajifunga zenyewe. Zitakazobaki ndizo utazitia pamba, kidogo kidogo. Mkonge si kitu cha kutia hapo."

Odhiambo aliinua kichwa. "Wewe kwenu ni wapi?"

"Kitui."

"Kitui," Odhiambo akarudia, akiwageukia wengine. "Huko mto unapita mara moja kwa mwaka, na watu wanakimbia kuuona. Sasa mtu wa Kitui anamfundisha Mjaluo mashua."

Watu walicheka sana. Opiyo alicheka mpaka akaweka kopo chini. Perez naye, akiwa na birika mkononi, alicheka. Nzomo hakukasirika. Alijaribu kusema kwamba aliwahi kufanya kazi Mombasa kwa mafundi wa mashua, lakini kicheko kilikuwa kikubwa na hakuna aliyemsikia, isipokuwa Perez aliyekuwa karibu. Perez hakusema kitu. Nzomo alimaliza chai yake, akarudisha kikombe, akaenda zake.

Hapa nisiwafiche. Odhiambo hakuwa mjinga. Alijua mashua tangu utoto, lakini mashua alizozijua zilikaa majini mwaka mzima. Hakuwahi kuona mashua iliyowekwa ghalani miaka minne. Jambo hilo hakulijua, na hakujua kwamba halijui. Mtu akimwambia, alisikia tusi.

Jumatano waliishusha mashua bwawani. Haikuingiza maji ila matone machache. Odhiambo alizunguka ukingoni akisugua mikono. Alimwita Nzomo aje aone, lakini Nzomo alikuwa kazini. Mashua ilifungwa kwenye nguzo, karibu na pampu. Mlinzi wa pampu na wa geti la bwawa alikuwa Gachanja, Mkikuyu wa Ruiru, aliyekaa na mkewe Waithira katika kibanda cha pampu. Odhiambo alimwomba aiangalie. Gachanja alikubali.

Ijumaa Gachanja alikuja kusema kwamba mashua inalia. Ilikuwa inatoa sauti, tak, kisha kimya, kisha tak tena. Odhiambo alimjibu kwamba mashua mpya majini hujinyoosha kama mtu aliyeamka. Kumbe mashua haikuwa ikijinyoosha.

Jumapili baada ya kanisa walienda wote bwawani. Upepo ulikuwa mzuri. Odhiambo alitaka kuiona mashua yake ikienda, aione kwa mbali, kama alivyoiona miaka yote akiwa na ufagio mkononi. Kwa hiyo alimwambia Opiyo apande peke yake. Ndani ya mashua, sakafuni, waliweka vipande vya reli ya toroli ili isipinduke. Opiyo alipanda na gambuti zake. Tanga la Perez lilijaa upepo, na mashua ikatoka. Opiyo aliwapungia mkono. Odhiambo alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akimpigia kelele avute kamba, alegeze kamba.

Katikati ya bwawa ilisikika sauti kama ya kuni kuvunjwa kwa goti. Opiyo aliangalia chini. Mashua ilikaa kwanza upande mmoja, kisha ikazama upesi, kwa sababu ya zile reli. Tanga lilimfunika. Odhiambo alijitupa majini na nguo zake na akaogelea kwa nguvu, lakini maji yalikuwa yamechafuka tope na hakuona kitu. Ni Gachanja aliyemfikia Opiyo. Alitokea upande wa pampu, akapiga mbizi mara tatu, na mara ya tatu akamtoa. Gambuti zilikuwa zimejaa maji, na magugu yalikuwa yamezunguka miguu. Walimlaza kwenye majani. Walimkandamiza kifua muda mrefu. Perez alimvua gambuti, akamwaga maji, akazipanga pembeni vizuri, kana kwamba angezihitaji kesho.

Opiyo alizikwa Thika, kwenye makaburi ya wafanyakazi. Hapakuwa na namna ya kumfikisha nyumbani. Mtu wa kwao kuzikwa ugenini, mbali na boma la baba yake, ni uchungu juu ya uchungu. Odhiambo alimwandikia mama yake barua. Perez aliisoma kabla haijafungwa. Ilisema watu wa Ruiru wamemuua Opiyo kwa hila.

Kwa maana Odhiambo alikuwa ameanza kuongea. Alisema mashua haikuvuja Jumatano, kwa nini ivunjike Jumapili? Ililala pale siku nne. Nani alikuwa na ufunguo wa geti? Gachanja. Nani alikuja kusema eti mashua inalia? Gachanja. Ama alilegeza misumari, ama aliweka dawa. Watu wa laini walitikisa kichwa, wakasema kweli. Odhiambo akasema Jumatatu atakwenda ofisini kumtaja.

Wakati ule wa Hali ya Hatari, Mkikuyu akitajwa ofisini, hakuulizwa mara mbili. Lori lilikuja, akapelekwa kizuizini, na mke akabaki kutafuta habari zake miaka. Kila mtu katika laini alijua hivyo. Odhiambo pia alijua.

Jumamosi Waithira alikuja kwa Perez. Hakuingia ndani. Alisimama nje, shuka limemzunguka, akasema kwa Kiswahili chake cha taabu, "Mama Achieng', bwana yangu ndiye alimtoa Opiyo kwa maji. Wewe uliona na macho." Perez alisema ndiyo, aliona. Waithira alingoja aongeze neno. Neno halikuja, akaondoka.

Perez alikaa jikoni. Alikumbuka maneno ya Nzomo. Alikumbuka pia kicheko chake mwenyewe, akaona aibu. Alivaa leso, akaenda kwa Nzomo, akamwomba aje kuiangalia mashua ambayo vijana walikuwa wameivuta hadi ukingoni.

Nzomo hakutaka. "Nikisema sasa, nitaonekana ninamcheka mtu aliyefiwa."

"Usiposema, Gachanja atachukuliwa."

"Na bwana yako? Unajua nitakachomwambia ni kitu gani?"

Perez alijua. Hila ya watu wa Ruiru ilikuwa imempa Odhiambo mahali pa kusimama. Ukimwondolea hiyo, ataanguka. Akasema, "Njoo tu, Mzee Nzomo."

Jumapili walienda watatu. Odhiambo alifuata nyuma, uso ameukunja. Nzomo alipiga magoti kando ya mashua. Kwanza alionyesha mkonge. Ulikuwa umefura na kuchomoza kwenye nyufa kama unga uliotiwa hamira. Kisha alionyesha ubao wa chini, ulioachana na mbavu za mashua kwa urefu wa mkono mzima. Mbavu tatu zilikuwa zimekatika. Akachomoa msumari mmoja kwa vidole tu. Ulikuwa wa chuma, umeliwa na kutu mpaka umebaki kama sindano.

"Angalia mahali mbavu zimekatika," Nzomo akasema. "Hakuna alama ya nyundo. Hakuna alama ya msumeno. Zimesukumwa na mbao zenyewe."

Odhiambo akasema kwa ukali kwamba mbao hazisukumi mtu.

Nzomo hakumjibu yeye. Alimgeukia Perez. "Mama Achieng', maharagwe ukiyalowesha yanakuwaje?"

"Yanavimba."

"Ukiyajaza kwenye chupa yakiwa makavu, ukashindilia mpaka juu, ukatia maji, ukaziba?"

Perez alitamani swali hilo liulizwe mtu mwingine. "Chupa inapasuka," akasema.

"Ndiyo hii," Nzomo akasema. "Mbao ilikuwa na kiu ya miaka minne. Siku ya kwanza haikuvuja kwa sababu nyufa zilijaa mkonge. Kisha mbao ikaanza kunywa na kuvimba, na mkonge nao ukavimba. Hapakuwa na nafasi. Mbao zikasukumana siku nne, zikang'oa misumari. Hiyo tak-tak Gachanja aliyosikia ilikuwa misumari ikikatika. Hata upepo usingekuja, ingevunjika tu."

Odhiambo alichukua ule msumari, akauzungusha kwenye vidole. Alikaa chini kwenye tope na suruali yake ya kanisani. Akasema, "Basi ni mimi."

Perez alingoja Nzomo aseme hapana. Nzomo hakusema hapana. Perez mwenyewe alifungua mdomo aseme, akaona ni uongo, akaufunga.

Jumatatu Odhiambo hakwenda ofisini. Alikwenda kibanda cha pampu, kofia mkononi. Alimwomba Gachanja msamaha, akamshukuru kwa kumtoa ndugu yake majini. Gachanja alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema amesikia. Hakumpa mkono, na Odhiambo alirudi nyumbani akijua kwamba hakustahili kupewa.

Watu walimshauri aichome mashua. Mafuta ya taa yalikuwepo, na Perez angeshika kiberiti kwa furaha. Odhiambo alikataa. Alisema ikichomwa, hakuna atakayejua, na mwingine atafanya vilevile. Alikwenda kwa Nzomo akamwomba amfundishe. Safari hii hakuuliza mtu anatoka wapi.

Kazi ilichukua miezi miwili, jioni na Jumapili. Kwanza waliutoa mkonge wote na kukwangua lami. Nzomo alimpa Odhiambo kisu, akamwambia achome kila ubao kwa ncha. Kisu kikiingia kama kwenye ndizi, ubao umeoza, utolewe. Mbao mbili zilitolewa. Walichemsha maji katika pipa, wakaweka fito za mti mgumu katika mvuke mpaka zikalegea, wakazipinda kuwa mbavu mpya. Misumari yote ya chuma ilitupwa. Walitumia ya shaba, kwa sababu shaba hailiwi na kutu.

Kisha wakaipeleka mashua mahali maji yanapofika magotini, wakaifunga, wakaiacha ijae maji. Iache, Nzomo akasema. Siku ya kwanza nyufa zilikuwa wazi. Siku ya tano nyingi zilikuwa nyembamba kama uzi. Siku ya kumi Odhiambo alipitisha ukucha, ukakosa pa kuingia ila mahali pachache. Alisimama hapo ndani ya maji, mgongo umewageukia, na Perez aliona mabega yake yakitikisika. Hakumwendea. Kulikuwa na mambo ambayo hata mke hawezi kumsaidia mtu kuyabeba.

Waliitoa, wakaifunika magunia mabichi ili isikauke tena. Palipobaki wazi walitia uzi wa pamba, wakiusukuma polepole kwa patasi butu. "Usigonge," Nzomo alikuwa akisema. "Ikae tu. Mbao itaishika yenyewe." Juu ya pamba wakapaka puti ya kuzibia, kisha rangi. Chini ya viti walifunga madebe manne matupu yaliyozibwa vizuri, ili mashua hata ikijaa maji isizame. Reli hazikurudishwa. Wakaiacha majini wiki mbili bila mtu, na kila asubuhi Odhiambo alishika mbavu zake moja moja kabla ya king'ora. Kisha akapanda yeye, miguu mitupu, boya limefungwa kifuani. Mashua ilizunguka bwawa lote. Ndani haikuwa na maji hata ya kujaza kikombe.

Ukingoni Nzomo alikuwa anatabasamu. Perez alimwambia ahsante. Nzomo akasema ni kazi ndogo, ni kungoja tu siku kumi. Alisema bila nia mbaya. Lakini Perez alirudi na maneno hayo nyumbani, na mpaka leo anayo.

Mwisho wa mwaka waliacha kazi, wakaipakia mashua kwenye treni. Njia nzima Odhiambo aliimwagia magunia maji kila treni iliposimama. Walipofika nyumbani, mama yake alikuwa amekaa kivulini akichambua omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa bado na ile barua. Odhiambo alikataa kiti, akakaa chini mbele yake. Alimwambia barua ile ilikuwa ya uongo. Alimwambia kuhusu mkonge, nyundo na lami, kuhusu Gachanja aliyepiga mbizi, na kuhusu fundi Mkamba aliyemwonyesha kosa lake na kumfundisha njia ya sawasawa.

Alipomaliza, mama akauliza, "Huyo Mkamba alikuambia kabla au baada?"

Perez alimwona mumewe akitafuta neno lingine, lililo jepesi kidogo.

"Kabla, mama."

Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua omena.

Mashua ile bado iko ziwani na haivuji. Mwenye mashua iliyokaa juani akija kuuliza, Odhiambo huacha kazi yake, akaenda naye mpaka ufukweni, akamwonyesha: iloweshe kwanza, tia pamba baadaye, usigonge. Hachoki kusema. Mashua tatu za majirani zimetengenezwa hivyo, na zote ni nzima. Samaki wanapatikana, na watoto wanasoma. Kila jioni Perez humpelekea mama mkwe wake samaki mkubwa kuliko wote. Mama humpokea kwa mikono miwili, humwambia ahsante mwanangu, na Perez akishaondoka, huwapa majirani samaki yule bila kumwonja.